Bunduki ya Marehemu Babu

Miongoni mwa vitu vya mirathi, vipo vinavyogawanywa kwa furaha, na vipo vinavyosukumwa chini ya kitanda kwa kukosa wa kuviuliza. Bunduki kuukuu ya marisau, yenye kasiba mbili, ni katika hivyo vya pili. Mzee aliitumia kufukuzia nguruwe na nyani shambani. Yeye ametangulia mbele ya haki, bunduki imebaki. Juma hili twapenda kuzungumza na akina mama, kwani wao ndio wanaofagia chini ya kitanda hicho.

Bunduki nyingi za namna hii zafuata mtambo uliobuniwa mwaka 1875 na mafundi wawili wa Birmingham, Uingereza: Anson na Deeley. Kila kasiba ina nyundo yake, iliyofichwa ndani. Bunduki ikikunjuliwa ili kutiwa risasi, nyundo hurudi nyuma na kubana kamani. Kinachozizuia zisiruke ni ncha ya kipande kidogo cha chuma, iliyonasa katika pengo lililochongwa kwenye nyundo. Kifyatulio kikivutwa, ncha huchomoka, nyundo hupiga.

Hapo ndipo uzee huingia. Kusuguana kwa miaka mingi huila ncha na ukingo wa pengo. Chuma hicho aghalabu kimefanywa kigumu juu tu, kama ganda. Ganda likiisha, ndani ni laini, na kulika huzidi kasi. Mwishowe bunduki yaweza kulia kwa kugongwa kitako sakafuni, au kwa kufungwa tu, au kasiba zote mbili zikalia kwa mvuto mmoja.

Wengi hujituliza kwa kile kizuizi cha usalama. Lakini katika bunduki nyingi za mtambo huu, kizuizi hushika kifyatulio, hakishiki nyundo. Ncha ikiteleza, hakina la kufanya. Ni mlango wenye komeo imara na bawaba zilizooza.

Fundi wa bunduki hupima mvuto wa kifyatulio kwa mizani. Kawaida huwa kiasi cha kilo moja na nusu hadi mbili. Kisha huunda kipande kipya, au hujaza kilicholika, akachonga pembe zake na kukifanya kigumu kwa moto. Jirani mwenye tupa, hata awe hodari wa cherehani, huliondoa lile ganda gumu. Bunduki hutoka kwake ikivutika vyepesi, na hatari yake imezidi.

Tena Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yamtaka mwenye bunduki awe na cheti, na mwenye kazi ya kuitengeneza awe amesajiliwa. Aliyepewa cheti akifariki, familia isinyamaze. Waende kituo cha polisi watoe habari, wala wasiibebe njiani kabla ya kuelekezwa.

Mpaka hapo, bunduki na ichukuliwe kuwa ina risasi, hata kama yasemwa kuwa ni tupu. Iwekwe mbali na watoto, chini ya ufunguo. Mtume (S.A.W.) alimkataza Muislamu kumwelekezea nduguye silaha, asije akaponyokwa nayo mkononi. Na hii yaweza kuponyoka pasipo mkono wa mtu.

Akina mama, waulizeni wenye nyumba leo: Cheti ki wapi? Na ni nani aliyeikagua mara ya mwisho?