MAMBO YA NYUMBANI: Mwanamke Anyonyokaye Nywele

Hapa Kisesa mwanamke akinyonyoka nywele utosini, huenda watu wakanena ya kuwa amerogwa. Maneno hayo huumiza kuliko ugonjwa wenyewe; basi tuyaache.

Ikiwa hedhi nayo hupita miezi bila kuja, na ndevu zaota kidevuni, yamkini mwili wake una homoni za kiume kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba wanawake 10 hata 13 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana ugonjwa huu wa vifuko vya mayai, na wengi hawajui. Bali upara wa pembeni mwa paji mara nyingi waletwa na kusuka kwa kukaza.

Na aende hospitali, kama Bugando huko Mwanza, apimwe damu. Kwani upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya shingo huondoa nywele vilevile. Dawa ya kupaka, minoksidili, yataka miezi 6 au zaidi, wala haimfai mwenye mimba. Aliye mnene apunguze uzito.

Nanyi waume, fuataneni nao, msiwacheke.