Kamba za Msituni

Mtu atokaye Kambove kwenda porini huiona miti ya miombo imesimama mbalimbali, na kamba zitambaazo juu yake ni chache. Lakini akishuka penye mushitu kandokando ya mto, au akifika penye kichuguu kikubwa kilichoota kichaka, huzikuta nyingi. Wafyekaji huzikata zote, wakisema kwamba zaiibia miti jua. Je, wasema kweli?

Wasema nusu ya kweli. Kamba haijijengei shina la kuisimamisha. Huuegemea mti jirani, na nguvu zake huzitia katika kupanda na kutoa majani. Huko Panama, tangu mwaka 2011, wataalamu walizikata kamba zote katika baadhi ya sehemu za msitu, nyingine wakaziacha. Mwaka 2015 walitangaza kwamba pale zilipoachwa, msitu ulijiwekea kaboni kama robo tu ya ile ya pale zilipokatwa. Basi kamba ni mzigo hasa.

Lakini kuna nusu ya pili. Kamba huunganisha vilele vya miti, kima wakapita pasipo kushuka chini. Maua yake hulisha nyuki, matunda yake hulisha ndege na wanyama, nayo majani yake yaangukayo huurutubisha udongo.

Tena hulisha watu. Kule Ituri, katika nchi yetu hii, Wambuti husokota nyavu za kuwindia kwa nyuzi za kamba iitwayo kusa. Mkongo mwenzetu, Corneille Ewango, aliyepewa Tuzo ya Goldman mwaka 2005 kwa kuilinda Hifadhi ya Okapi wakati wa vita, alizihesabu kamba za msitu ule pamoja na wenziwe. Mwaka 1994, zile zenye unene wa sentimeta 2 au zaidi zilikuwa 750 katika hektari moja. Mwaka 2007 zilibaki 499. Iliyopungua kupita zote ni kusa yenyewe. Wavu utasokotwa kwa nini ikitoweka?

Sisi wa Kambove hatuna msitu wa Ituri. Tuna mushitu na vichuguu. Enyi wanafunzi, mkitumwa kufyeka kando ya mto, tazameni kwanza ni kamba ipi inayoulemea mti tunaouhitaji. Ikateni hiyo, nyingine ziacheni.