Mwalimu wa Kilimo Apelekwe Shule Mvua Ikinyesha



Wapo wakubwa wa elimu wanaotuambia kwamba mwanachuo wa ualimu wa kilimo asishike chaki mpaka amalize nadharia yote. Kwanza ashibe vitabu, ndipo mwishoni apelekwe shule kwa majuma machache. Sisi hatukubali hata kidogo.

Hatujasahau Uluguru. Wakoloni waliwapeleka mabwana shamba na amri kwamba kila mtu achimbe matuta ya ngazi. Amri ilikuwa nzuri sana kwenye makaratasi. Lakini ngazi zilipochimbwa, udongo mbovu wa chini ulitokea juu na mazao yakadhoofika. Wakulima walilalamika, wasisikilizwe, kwani nani amsikilize mwenye jembe mbele ya bwana mwenye cheti? Mwaka 1955 wakagoma, ghasia zikazuka, na mpango ule ukafa. Je, leo tuwafunze vijana wetu wenyewe kuwa mabwana shamba wa namna ile ile?

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akataka shamba la shule liwe sehemu ya masomo na wanafunzi washiriki kupanga kazi yake. Shule ngapi zililigeuza shamba hilo kuwa mahali pa adhabu! Mtoto akichelewa namba, apewe jembe. Hivyo tukawalea watoto waone kwamba kulima ni kifungo. Mwanachuo anayeingia shule kwa mara ya kwanza mwisho wa masomo hawezi kuivunja desturi hiyo. Atafuata alilolikuta, maana anatafuta alama za mkaguzi.

Tena kuna jambo la majira, ambalo mpanga ratiba asiyelima halimjii kichwani. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia kama Desemba hadi Aprili. Ukimpeleka mwanachuo huko Julai atakuta mabua. Atafundisha kupalilia nini? Atachora mahindi ubaoni, basi.

Toka Januari 2024 shule za sekondari zina mkondo wa amali, na kilimo kimo. Walimu wanahitajika. Tunachotaka ni hiki: toka muhula wa kwanza mwanachuo aende shule ya jirani siku moja kila juma. Aanze kwa kukaa nyuma ya darasa na kutazama, alime pamoja na watoto, kisha apewe robo saa ya kufundisha, na asiondoke mpaka ameona mavuno ya mbegu aliyopanda nao.

Wanasema eti atawaharibu watoto. Robo saa, tena mwenye darasa yupo pale pale! Wanasema hakuna fedha ya nauli. Tumesema shule ya jirani; watu waende kwa miguu.

Basi wakuu wa vyuo watujibu: mvua zijazo zikianza, wanachuo wa mwaka wa kwanza watakuwa wapi?