Moshi mweupe wa gari

Sisi tunaopanda magari ya zamani toka Sange kwenda soko la Uvira, tuangalie moshi wa nyuma. Asubuhi ukitoka mweupe kidogo, kisha ukaisha motere ikipata moto, ni mvuke tu. Lakini ukiendelea, mweupe na mzito, na shofere anaongeza maji kila mara, maji yanaingia ndani ya motere: mara nyingi joenti ya kichwa cha motere imeungua. Ukinuka mazutu, mafuta hayaungui vizuri. Mwambieni shofere asimame kabla motere haijakufa. Radiatere ikiwa ya moto asiifungue, maji yatamrukia usoni. Shukeni na watoto, mukae mbali mpaka ipoe. Mihogo itachelewa, lakini mtoto hataungua.