Misuli imelegea, akili je?

Ugonjwa wa kurithi wa Duchenne hudhoofisha misuli ya wavulana tangu utotoni. Ni kweli, distrofini, protini inayokosekana misulini, hutumika pia katika ubongo. Ndiyo maana baadhi yao hupata taabu kusoma au kushika maelezo marefu. Lakini taabu hiyo haiongezeki kadiri misuli inavyoisha, na wengine wana akili kali.

Basi kijana wa miaka 25 akifikishwa Hola kutoka Garsen (na njia hiyo wakati wa mafuriko ya Tana si mchezo), daktari asimgeukie ami yake. Amuulize mwenyewe, kwa sentensi fupi fupi, kisha asubiri jibu. Kura anapiga, mbona matibabu aamuliwe?