Bandari Inajengwa Mbamba Bay, Sanaa Yetu Itakaa Wapi?

Makamanda, tuongee ukweli. Kiongozi akija ziara huku Nyasa, watu wa mganda na kioda wanapangwa juani tangu asubuhi. Wanacheza, mheshimiwa anatikisa kichwa, msafara unaondoka. Wao wanabaki na fulana. Na sisi wapinzani tusijifanye watakatifu: mikutano yetu nayo inawaita hivyo hivyo.

Sasa bandari ya Mbamba Bay inajengwa upya. Mji utapanuka, viwanja vitapimwa vya hoteli, maghala na ofisi. Cha makumbusho ya sanaa kiko wapi? Mganda uliligeuza gwaride la askari wa kikoloni kuwa ngoma yetu. Hiyo ni historia, si pambo la mapokezi.

Ila kudai jengo tu hakutoshi. Dar es Salaam kulikuwa na Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972. George Lilanga, ambaye kazi zake leo zinajulikana duniani, aliingia pale kama mlinzi, akatoka msanii. Jengo lile limevunjwa. Jiulize, wakazi wangapi wa Dar walihisi wamevunjiwa nyumba yao?

Linganisha na Makumbusho ya Majimaji, Songea, mji ambao Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu tarehe 27 Februari 1906. Kila Februari watu wanakusanyika pale. Ukoo wa Songea Mbano haujaacha kuuliza fuvu la babu yao liko wapi. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale kuomba msamaha. Nani atathubutu kupeleka katapila mahali kama pale? Makumbusho yenye wenyewe haivunjwi kimya kimya.

Mtasema zahanati kwanza. Sawa, zahanati tuidai. Lakini kiwanja kikishauzwa hakirudi, na kukitenga leo hakuizuii zahanati.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe. Na kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ukishafikisha miaka 18 na unaishi pale, wewe ni mjumbe, uwe na kadi ya chama chochote. Kwa hiyo vijana wa Kihagara, Liuli na Mbamba Bay, nendeni na ajenda moja: kiwanja cha sanaa kitengwe. Wazee wa ngoma wakae mbele, waseme wenyewe wanataka kitunzwe nini. Azimio liandikwe kwenye muhtasari, lipande kata, lifike halmashauri.

Wakikataa, wakatae kwa maandishi. Hapo ndipo tutakapokuwa na kesi.