Konsoli usiyoijaribu, hesabu kwamba huna

Leo nina neno kwa wenzangu wanaotunza seva zilizo mbali nao. Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa hawajaiona konsoli ya mbali.

Kwa wageni, nieleze kidogo. SSH hukupitisha kwenye mfumo endeshi wa seva. Ukikosea sheria moja ya ukuta wa ulinzi, au keneli ikikataa kuwaka, SSH haipo tena. Konsoli ya mbali hupita mlango mwingine: kijikompyuta kilichomo ndani ya seva, kinachobaki macho hata seva ikizimwa, mradi waya wa umeme umechomekwa. Dell hukiita iDRAC, HPE hukiita iLO, na kanuni ya pamoja ni IPMI, iliyotolewa mwaka wa 1998.

Ubaya ni kwamba mlango huu hushika kutu kimyakimya. Seva nyingi za zamani huonyesha skrini yao kwa Java. Chrome iliacha kuendesha Java ndani ya kivinjari mwaka wa 2015, Firefox ikafuata 2017. Mwaka wa 2020 vivinjari vikubwa vikaanza kukataa TLS 1.0 na 1.1. Kwa hiyo ukurasa uliofunguka vizuri seva iliponunuliwa, leo haufunguki. Hakuna aliyeigusa seva. Dunia ndiyo iliyohama. Na ukinunua seva iliyokwisha tumika ng'ambo, kama wafanyavyo wengi hapa kwetu, umenunua na tatizo hilo.

Ndiyo maana mimi ni mtu wa maandishi, si wa picha. IPMI 2.0 ya mwaka wa 2004 ilileta konsoli ya maandishi kupitia mtandao. Haitaki Java wala kivinjari, na hata intaneti ya kujikokota huibeba:

ipmitool -I lanplus -H anwani -U jina -a sol activate

Ukipata skrini nyeusi, usikimbilie kuwasha seva upya. Soma dalili kwanza:

1. Unaona BIOS, kisha kimya. Keneli haijaambiwa. Ongeza console=ttyS1,115200n8 kwenye GRUB. Kwa seva nyingine ni ttyS0.
2. Unaona ujumbe wa keneli lakini huulizwi jina. Washa serial-getty kwenye tundu hilo.
3. Herufi ni takataka tupu. Kasi hazilingani kati ya BIOS, keneli na IPMI.
4. Unaambiwa kuna mtu ndani tayari. Tumia sol deactivate, kisha ujaribu tena.
5. Kijikompyuta chenyewe kimeganda. Ukiweza kuingia kwenye seva, toa amri ya ipmitool mc reset cold. Kwa kawaida hiyo huwasha upya kijikompyuta tu, seva ikiendelea na kazi.

Angalia orodha hiyo vizuri. Nambari 1, 2 na 3 hutengenezwa kwa urahisi seva ikiwa nzima. Ikiwa imeanguka, kila moja inaweza kukugharimu safari ya usiku hadi kituo cha data, huku wateja wakishindwa kulipa.

Kuna wanaobisha kwamba IPMI ni hatari, heri izimwe. Nusu ya hoja yao ni kweli. IPMI 2.0 ina kasoro ndani ya kanuni yenyewe: anayejua jina la mtumiaji anaweza kupewa alama ya neno la siri kabla hajathibitishwa, akaenda kulivunja kwake polepole. Lakini dawa ni kuiweka kwenye mtandao wa pembeni, isionekane kabisa kwenye intaneti. Na njia ya kufikia mtandao huo isipite kwenye seva ileile unayotaka kuiokoa. Huko ni kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Hata wakubwa hupatikana: tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilipotoweka kwa takriban saa sita, njia yao ya akiba nayo ilikuwa imekatika, ikabidi mafundi watumwe kwenye vituo.

Wengine watasema wao wako kwenye wingu, hayawahusu. Yanawahusu. AWS iliongeza konsoli ya maandishi kwa EC2 mwaka wa 2021, lakini seva nyingi za huko huingiwa kwa ufunguo wa SSH tu. Konsoli itakuuliza neno la siri, na hukuwahi kuliweka.

Rai yangu ni hii. Kila baada ya miezi mitatu, chagua saa tulivu, ingia kwa konsoli, washa seva upya, na uitazame kutoka BIOS hadi inapokuuliza jina. Usipoona hatua moja, irekebishe siku hiyohiyo. Mkubwa akiuliza kwa nini unazima kitu kinachofanya kazi, mwambie unahakikisha kitaweza kuwashwa.